Katika Vyumba vya Kupanga vya Spinoza

Ukitoka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Waterlooplein, mjini Amsterdam, unaibukia moja kwa moja kwenye mitumba. Makoti ya jeshi, santuri kuukuu, minyororo ya baiskeli, vikombe visivyo na visahani, vyote vimetandazwa juu ya meza na maturubai, na wauzaji wanaita wateja kwa Kiholanzi, Kiingereza na Kiarabu cha Morocco. Zamani hapa palikuwa na mfereji ulioitwa Houtgracht, ukafukiwa mwaka 1882. Kandokando ya mfereji huo, katika karne ya 17, walikaa Wayahudi waliokimbia Ureno, na katika mtaa huu alizaliwa Baruch Spinoza, tarehe 24 Novemba 1632. Nyumbani walimwita Bento. Nyumba yao haipo tena. Mahali inapodhaniwa ilikuwapo pamesimama kanisa la Musa na Haruni lenye minara miwili.

Hatua chache kutoka sokoni, kwenye ukingo wa mfereji wa Zwanenburgwal, ipo sanamu yake, kazi ya mchongaji Nicolas Dings, iliyosimamishwa mwaka 2008. Spinoza amevikwa joho pana lililojaa ndege. Ukisogea karibu unaona ni ndege wa aina mbili: shomoro, ambao ni wenyeji, na kasuku wa kijani ambao asili yao si Ulaya lakini sasa wamezaana katika bustani za mji huu. Wenyeji na wageni wametua kwenye joho moja. Pembeni yake pana jiwe la itale lililokatwa nyuso 20 zilizo sawa na kusuguliwa mpaka likang'aa. Nililigusa. Lilikuwa baridi na laini kama kioo, na nikaona ni heshima inayomfaa mtu aliyekula kwa jasho la kusugua vioo.

Nilikwenda Uholanzi kwa ajili ya mtu huyu. Wanafalsafa wengi wa Ulaya nawaheshimu, Spinoza nampenda. Plato alikuwa na shule yake, Aristotle alimfundisha kijana aliyekuja kuiteka nusu ya dunia iliyojulikana, Kant na Hegel walikuwa na vyuo vikuu vya kuwalipa mshahara. Spinoza alikuwa na chumba cha kupanga, meza ya kusugulia lenzi, na marafiki wachache waliopokezana karatasi zake kwa siri. Nilitaka kuviona vyumba hivyo, kwa sababu naamini falsafa yake haiwezi kutenganishwa na namna alivyoishi ndani yake.

Na kwa mtu wa Malindi kama mimi, ipo njia nyingine ya kumfikia. Baba yake, Michael, alizaliwa Vidigueira, mji mdogo wa kusini mwa Ureno. Jina hilo sisi hatuwezi kulipita hivihivi. Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi Aprili 1498 na ambaye nguzo yake tunawaonyesha wageni hadi leo pale juu ya mwamba, alitunukiwa na mfalme wa Ureno ubwana wa Vidigueira mwaka 1519, na mabaki ya mwili wake yakaja kuzikwa huko. Mwaka 1497, mwaka uleule Vasco alipong'oa nanga Lisbon kuja huku kwetu, Mfalme Manuel aliwalazimisha Wayahudi wote wa Ureno kubatizwa. Baadaye ikaja mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wale waliodhaniwa wanaendelea na dini yao ya zamani kwa siri. Ufalme uliotuletea mizinga Pwani ndio uliowafukuza wazee wa Spinoza kutoka kwao. Walipofika Amsterdam walianza upya: Michael aliuza matunda makavu, lozi na mafuta ya zeituni, akawa mtu wa kuheshimika katika jumuiya yake.

Sinagogi kubwa ya Wareno, Esnoga, ni mwendo wa dakika chache kutoka sokoni. Ndani hamna umeme. Ibada ikiwa ya usiku huwashwa mishumaa ipatayo 1000 kwenye vinara vya shaba. Sakafu ya mbao imemwagiwa mchanga laini unaomeza vumbi, unyevu na kishindo cha viatu, na ukitembea unasikia tu mkwaruzo hafifu chini ya soli. Wageni wengi huingia wakidhani Spinoza alitengwa humu. Sivyo. Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1675. Tangazo la kumtenga lilisomwa kwenye sinagogi ya awali, pale penye mfereji uliofukiwa, tarehe 27 Julai 1656. Bento alikuwa na umri wa miaka 23.

Tangazo hilo, lililoandikwa kwa Kireno katika kitabu cha maazimio ya jumuiya, limehifadhiwa hadi leo. Linamlaani mchana na usiku, alalapo na aamkapo, atokapo na aingiapo. Linaamuru mtu yeyote asizungumze naye kwa mdomo wala kwa barua, asimfanyie hisani, asikae naye chini ya paa moja, asimkaribie dhiraa nne, asisome lolote aliloandika. Kosa lenyewe halikufafanuliwa. Zimetajwa tu itikadi mbaya na matendo ya kutisha. Alikuwa bado hajachapisha hata ukurasa mmoja.

Nimejaribu kuwaelewa wazee waliosoma laana ile. Walikuwa wageni katika mji wa Waprotestanti. Kanuni za jiji za mwaka 1616 ziliwakataza kutamka neno dhidi ya Ukristo. Wengi wao walizaliwa Wakatoliki kwa kulazimishwa, wakajifunza Uyahudi ukubwani, na jumuiya waliyoijenga ilikuwa changa. Kijana akisema Mungu hana hasira, kwamba Musa hakuviandika vitabu vyote vitano vya Torati, kwamba roho haiishi baada ya mwili kama tunavyofundishwa, wenye nyumba wangeweza kuuliza: hawa tuliowapokea ni watu gani? Hofu yao naielewa. Lakini wakati huohuo nakumbuka habari za Uriel da Costa, naye Myahudi wa Ureno wa mtaa huuhuu, aliyetengwa kwa mawazo yake, akataka kurudishwa, akachapwa viboko 39 mbele ya mkutano, kisha akalazwa mlangoni ili watu wamruke wakitoka. Alijiua mwaka 1640. Bento alikuwa mtoto wa miaka saba. Mtoto wa miaka saba anasikia mazungumzo ya watu wazima.

Spinoza hakuomba kurudishwa. Hilo ndilo lililowashangaza watu wa wakati wake: hakuingia Ukristo ambao ungemfungulia milango, wala hakuanzisha kundi lake. Akaacha biashara ya baba yake iliyokuwa imeelemewa na madeni, akaondoka mjini. Desemba 2015 wasomi walikusanyika Amsterdam kujadili iwapo marufuku ile iondolewe. Rabi wa jumuiya alisikiliza pande zote, akaamua ibaki. Wapo waliosikitika. Mimi sikuona kwamba marehemu alikuwa na haja ya kusamehewa.

Kutoka Amsterdam nilipanda treni hadi Leiden, kwa shangazi yangu. Amefanya kazi ya uuguzi huko miaka mingi, na nyumbani kwake bado pananukia iliki. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniwekea wali na mchuzi wa samaki, na kabla sijamaliza sahani akaniuliza nilichokuwa nakitegemea.

"Huyo mtu wako, mwanangu, alimkana Mungu?"

Shangazi ni mtu wa sala tano, na hakuuliza kwa ugomvi. Nikamwambia kwamba kwa miaka zaidi ya 100 baada ya kufa kwake watu wa Ulaya walitumia jina lake kumaanisha mkanamungu, na kwamba washairi wa Ujerumani waliokuja baadaye walimwona ni mtu aliyelewa Mungu. Kitabu chake kikubwa, Maadili, kinaanza na Mungu. Spinoza anasema ipo dhati moja tu, isiyo na mpaka, isiyotegemea kingine chochote. Hiyo anaiita Mungu, na anaiita pia Maumbile. Kila kilichopo, jiwe, mwembe, wazo linalopita kichwani, kimo ndani yake, na hakiwezi kuwapo wala kueleweka bila yake. Mungu huyo hakai kando ya ulimwengu akiutazama. Hapendelei taifa, hakasiriki, hageuzi mwendo wa mambo kwa kuombwa.

"Sasa sala ni ya nini?"

Nikamwambia Spinoza anaona kumpenda Mungu ni kuelewa, na kadiri mtu anavyozidi kuelewa kwa nini mambo yako kama yalivyo ndivyo anavyozidi kumpenda. Na ampendaye Mungu namna hiyo hawezi kudai Mungu naye ampende yeye. Shangazi aliacha kula kidogo. "Hilo la mwisho ni zuri," akasema, "lakini ni la watu wachache."

Nilimweleza pia jambo alilolifurahia. Mwaka 1672 Johannes Bouwmeester, daktari na rafiki wa karibu wa Spinoza, alitafsiri kwa Kiholanzi kisa cha Hayy ibn Yaqzan cha Ibn Tufayl, mwanafalsafa Mwislamu wa Andalusia wa karne ya 12: mtoto anayekulia peke yake kisiwani, akalelewa na paa, na kwa kutazama na kufikiri tu akafika kumjua Mungu. Marafiki wa Spinoza walikuwa wakisoma hayo mezani mwao. Spinoza mwenyewe alikua akimsoma Maimonides, Myahudi wa Cordoba aliyeandika falsafa yake kwa Kiarabu. Wanaosema falsafa ya Magharibi ilitoka Ugiriki ikatua Paris na London bila kupitia kwa Waarabu na Wayahudi wa Andalusia wamekiruka kipande kikubwa cha njia.

Asubuhi yake Shangazi alinipa baiskeli yake niende Rijnsburg. Ni mwendo wa nusu saa hivi, njia tambarare, mifereji huku na huku. Siku hizi kijiji hicho kinajulikana kwa mnada wa maua wa Royal FloraHolland, ushirika uleule unaouza waridi za Naivasha, na njiani nilipishana na malori ya maua, moja baada ya jingine. Muhuri wa Spinoza wa kugongea barua ulikuwa na ua la waridi lenye miiba, na chini yake neno la Kilatini la kumwonya mtu awe na hadhari.

Nyumba aliyopanga kuanzia mwaka 1661 hivi hadi 1663 ni ya matofali, ndogo, ya paa lenye mteremko mkali, katika barabara ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Ilikuwa ya daktari wa upasuaji, Herman Homan. Inadhaniwa Spinoza alichagua kijiji hiki kwa sababu kilikuwa kituo cha Wakolejianti, Wakristo waliokutana bila mchungaji, kila mmoja akiruhusiwa kusema. Tangu mwaka 1899 nyumba ni makumbusho. Mzee aliyekuwa zamu alinifungulia, akaniacha nitazame kwa raha zangu.

Chumba cha vitabu ndicho kilichonishika. Spinoza alipokufa, mthibitishaji wa serikali aliorodhesha mali yake ili iuzwe, na katika orodha hiyo mna vitabu vipatavyo 160. Watu wa makumbusho wakavitafuta kimoja kimoja, matoleo yaleyale ya miaka ileile, wakavipanga kwenye kabati nyuma ya kioo. Si nakala alizozishika yeye, ila ni vilevile alivyovisoma. Nilisimama nikasoma migongo ya ngozi: Biblia za Kiebrania, Euclid, Descartes, Tacitus, Machiavelli, Hobbes. Na fasihi ya Kihispania, Cervantes, Góngora na Quevedo. Hilo la mwisho sikulitarajia lingenigusa. Mtu aliyekuwa anaandika kwa Kilatini na kununua mkate kwa Kiholanzi aliweka karibu yake lugha za utoto wake mpaka mwisho.

Chumba kingine mna mashine ya kusugulia lenzi iliyotengenezwa kwa mfano wa zile za zamani. Mzee alinieleza kazi yenyewe. Kipande cha kioo hugandishwa kwenye mshikio, kikakandamizwa kwenye sahani ya chuma yenye mbonyeo unaotakiwa, na katikati huwekwa maji na mchanga mkali. Unasugua, unaosha, unaweka mchanga laini zaidi, unasugua tena, mpaka mikwaruzo isionekane, kisha unang'arisha. Ukiruka hatua moja, mkwaruzo wa mchanga wa kwanza utabaki na utaonekana kwenye nyota. Christiaan Huygens, aliyegundua mwezi mkubwa wa Zohali mwaka 1655, alikuwa na mashine ya kufanya kazi hiyo, lakini Spinoza alimwandikia rafiki yake wa London kwamba kwa uzoefu wake mkono unashinda mashine. Huygens naye alikiri katika barua zake kwamba lenzi za Spinoza zilikuwa nzuri kupindukia. Kila siku, kwa saa nyingi, vumbi la kioo lilikuwa hewani katika chumba kidogo kama kile, na mapafu yake yalikuwa tayari dhaifu.

Katika nyumba hiyo alianza kuandika kwa mtindo wa jiometri, na Maadili yakachukua sura hiyo: fasili, kanuni za msingi, kisha hoja 259 katika sehemu tano, kila moja ikithibitishwa kwa zilizotangulia. Wasomaji wengi huikimbia sura hiyo, wakiona ni kavu. Nilipoiona mashine ile nilielewa kwa nini mtu wa kazi hiyo angeandika hivyo. Hakutaka kumshawishi msomaji kwa sauti nzuri. Alitaka mkwaruzo wowote wa fikra uonekane.

Na ndani ya hoja hizo kavu mna mambo ya moto. Sehemu ya tatu ni hesabu ya wivu, chuki, huruma, majuto, fahari, tamaa. Spinoza hawakaripii wanadamu. Anazitazama hisia zetu kama mtaalamu anavyotazama mvua na radi, vitu vyenye sababu zake. Kila kitu, anasema, hujitahidi kubaki katika kuwapo kwake. Furaha ni kuhisi nguvu hiyo ikipanda, huzuni ni kuihisi ikishuka. Hisia haishindwi kwa kuambiwa iondoke, hushindwa na hisia nyingine yenye nguvu zaidi. Mwaka 2003 Antonio Damasio, mtafiti wa ubongo, mzaliwa wa Ureno, aliandika kitabu kizima kuonyesha jinsi sayansi ya neva ilivyomfikia mtu huyu kwa njia yake yenyewe. Mimi nimelipima hilo nje ya maabara, katika ugomvi wa mirathi uliogawa ndugu zangu. Nasaha hazikuzima hasira za mtu. Hasira zilipungua pale mmoja alipoanza kuona kwa nini mwenzake alitenda alivyotenda, akaacha kudhani kwamba alikuwa huru kabisa kutenda vingine.

Hilo la uhuru ni gumu kulimeza. Katika barua ya mwaka 1674 Spinoza anatoa mfano wa jiwe lililorushwa: kama lingekuwa na fahamu likiwa angani, lingeamini linaruka kwa hiari yake. Ndivyo tulivyo, tunayajua tunayoyataka lakini hatuzijui sababu za kuyataka. Uhuru uliobaki ni wa kuzijua sababu hizo. Albert Einstein, aliyeitembelea nyumba hii Novemba 1920 na kutia saini kitabu cha wageni, alipoulizwa na rabi wa New York mwaka 1929 kama anamwamini Mungu, alijibu kwa simu ya maandishi kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza.

Voorburg sikukaa sana. Spinoza alihamia huko mwaka 1663 kwa mchoraji mmoja, akakaa mpaka kukaribia 1670, na sasa mji huo umeungana na The Hague. Nyumba ya shamba ya akina Huygens, Hofwijck, imezungukwa na maji yake yaleyale, lakini treni zinapita karibu kabisa na bustani.

The Hague tulikwenda pamoja, mimi na Shangazi, siku yake ya mapumziko. Tulianzia Gevangenpoort, lango la zamani lililokuwa gereza. Hapo, tarehe 20 Agosti 1672, wakati majeshi ya Ufaransa yameivamia nchi, kundi la watu lilimtoa ndani Johan de Witt, aliyekuwa ameiongoza jamhuri kwa karibu miaka 20, pamoja na kaka yake Cornelis, likawaua na kuwakatakata. Katika makumbusho ya historia ya mji, ng'ambo ya ziwa dogo la Hofvijver, mna kisanduku chenye ulimi wa mmoja na kidole cha mwingine, vimekauka, vyeusi. Shangazi, aliyeona mengi wodini, aligeuza uso.

Spinoza alikuwa anakaa mwendo mfupi kutoka hapo. Miaka miwili kabla alikuwa amechapisha, bila kuweka jina lake na kwa kuandika mahali pa uongo pa uchapishaji, kitabu cha kutetea uhuru wa kufikiri. Hoja yake haikuwa kwamba dola iwavumilie wenye fikra kwa wema wake. Alisema lengo lenyewe la dola ni uhuru, na kwamba kuwanyamazisha watu hakuleti amani bali unafiki, maana hakuna anayeweza kumkabidhi mwingine uwezo wake wa kufikiri. Kisha akaona umati uliokuwa huru kusema ukila nyama ya watu. Alimsimulia mwanafalsafa Leibniz, aliyekuja kumtembelea mwaka 1676, kwamba usiku ule aliandika bango la kuwaita wauaji washenzi kuliko wote, akataka kwenda kulibandika pale. Mwenye nyumba alimfungia mlango asitoke. Mtu aliyeandika tusiwalaani wanadamu bali tuwaelewe alitaka kwenda kulaani, na huenda angeuawa. Sioni kwamba kisa hiki kinaiangusha falsafa yake. Alijua kwa damu yake mwenyewe uzito wa alichokuwa anakiomba kwa watu.

Nyumba ya Paviljoensgracht, ya mchoraji Hendrik van der Spyck, bado ipo, na mbele yake pana sanamu ya Spinoza ya mwaka 1880, ameketi, ameshika kidevu. Humo aliishi kuanzia mwaka 1671. Mengi tunayoyajua ya maisha yake humo tunayapata kwa Johannes Colerus, mchungaji wa Kilutheri aliyeyachukia mawazo yake lakini akawahoji waliomfahamu. Shahidi huyu asiyempenda ndiye anayesema alikuwa mpole, hakuchelewesha kodi, siku nyingine alikula uji wa maziwa na siagi tu, na rafiki alipotaka kumwachia posho ya gulden 500 kwa mwaka akakubali 300. Mwaka 1673 alipewa uprofesa Heidelberg kwa sharti asiisumbue dini ya nchi. Alikataa kwa adabu. Hakujua mipaka ya sharti hilo ingewekwa wapi.

Alikufa tarehe 21 Februari 1677, Jumapili, wenyeji wake wakiwa kanisani, akiwa na miaka 44. Meza yake ya kuandikia, na miswada ndani yake, ilipelekwa Amsterdam kwa mchapishaji Jan Rieuwertsz, na kabla mwaka haujaisha marafiki walikuwa wamechapa kazi zake kwa Kilatini na kwa Kiholanzi, jina likiwa herufi za mwanzo tu. Mwaka 1678 serikali ikapiga marufuku. Nakala moja ya mkono ya Maadili ilipelekwa Roma kama ushahidi dhidi yake, na kwa kuwa ushahidi hutunzwa, ikatunzwa. Ilitambuliwa ndani ya Maktaba ya Vatikani mwaka 2010. Hakuna mwandiko mwingine wa kitabu hicho uliopatikana.

Nyuma ya kanisa la Nieuwe Kerk, karibu na mahali alipozikwa, pana mawe ya kumbukumbu. Moja, la mwaka 1956, lina neno moja la Kiebrania linalomaanisha "watu wako". Tulikaa kwenye benchi karibu nalo, nikamsimulia Shangazi kisa cha Colerus ambacho ndicho nakithamini kupita vyote. Mke wa Van der Spyck alimwuliza mpangaji wake kama kwa dini yake ataokoka. Akamjibu kwamba dini yake ni njema, asitafute nyingine, ilimradi aishi maisha ya utulivu na uchaji.

"Alimkwepa," Shangazi akasema. "Mama wa watu kauliza la moyoni, yeye kajibu la kumpa amani. Hakumwambia anachoamini yeye."

Nikamwambia haikuwa kukwepa. Spinoza aliandika kwamba imani haidai kingine ila haki na upendo kwa jirani, na anayeyatenda hayo hana upungufu hata kama hajui hoja moja ya jiometri. Mama yule alikuwa anayatenda. Kumwondolea nguzo yake kungekuwa ukatili.

"Angemwachia mwenyewe aamue. Si alikuwa akitetea uhuru wa watu kufikiri?"

Nikamweleza habari za Adriaan Koerbagh, rafiki aliyeyaandika mawazo ya aina hiyo waziwazi, kwa Kiholanzi ambacho kila mtu wa sokoni angekisoma. Alikamatwa mwaka 1668, akafia kifungoni mwaka uliofuata. Spinoza aliposikia mwaka 1671 kwamba kitabu chake nacho kinatafsiriwa kwa Kiholanzi, alimwandikia rafiki amsaidie kuzuia. Shangazi alilipima hilo. Akasema sasa anaielewa hofu, lakini hofu ya kuchapa kitabu si sawa na mazungumzo ya watu wawili jikoni, mlango umefungwa. Nikajibu kwamba alimheshimu. Naye akasema kumheshimu mtu ni pamoja na kumwamini kwamba anaweza kubeba jibu zito. Tulibishana hivyo mpaka treni ikaingia Leiden, na mpaka sasa hatujaafikiana.